Sindano ya Saa Moja

Saa moja asubuhi mbwa hupewa chakula, na akishalamba bakuli huchomwa sindano ya insulini. Saa moja jioni hupewa chakula tena na kuchomwa tena. Kesho ni vivyo hivyo, keshokutwa vivyo hivyo, na sikukuu haibadilishi kitu. Ndivyo yanavyokwenda maisha katika nyumba inayofuga mbwa mwenye kisukari, na kwa sehemu kubwa katika nyumba yenye paka mwenye maradhi hayo. Anayeshika sindano si daktari. Ni mama aliyetoka kuepua chai, ni kijana anayewahi basi, ni mzee mstaafu anayetafuta miwani kwanza ili asome alama ndogo za bomba.

Mazungumzo ya leo ni ya watu hao, na ya wale ambao kesho au mwezi ujao wataambiwa na daktari wa wanyama kwamba sasa zamu ni yao. Wengi wakisikia habari ya sindano mara mbili kwa siku huona mambo yamekwisha. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Stijn Niessen wa Royal Veterinary College, chuo cha tiba ya wanyama kilichoko London, walichapisha majibu ya madaktari wa wanyama zaidi ya 1,000 kutoka nchi mbalimbali. Madaktari hao walikadiria kwamba, kwa wastani, mnyama mmoja kati ya 10 wenye kisukari huuawa kwa dawa pale pale ugonjwa unapogunduliwa. Mwingine mmoja kati ya 10 huuawa kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa tiba haikufanikiwa au haikufuatwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa magonjwa mengine aliyonayo mnyama, gharama, umri, na jinsi tiba inavyoyabana maisha ya mwenye mnyama.

Baadhi ya maamuzi hayo yalikuwa ya huruma kweli, maana mnyama alikuwa na maradhi matatu na maumivu yasiyotulia. Lakini wako waliokufa kwa sababu hakuna aliyekaa na mwenye mnyama kwa nusu saa akamwonyesha namna ya kuinua ngozi na kuingiza sindano. Hilo ni jambo la kuumiza, kwa sababu ugonjwa huu unatibika nyumbani, kwa mikono ya mtu wa kawaida.

Kisukari cha mbwa na cha paka si kitu kimoja. Mbwa wengi hupata cha namna inayofanana na kile cha watoto wa binadamu. Chembe za kongosho zinazotengeneza insulini zimekufa, hazirudi, na mnyama atahitaji sindano mpaka mwisho wa maisha yake. Mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi yumo hatarini zaidi, kwa kuwa homoni zinazopanda baada ya joto lake huzuia insulini kufanya kazi. Ndiyo maana daktari akimkuta jike wa namna hiyo ana kisukari humshauri mwenyewe amtoe kizazi mapema. Paka naye mara nyingi huugua kama mtu mzima mnene. Insulini bado ipo, lakini mwili umeacha kuisikia, na kongosho linachoka polepole. Unene, uvivu wa kukaa ndani mchana kutwa, na dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni humsukuma huko.

Dalili ni zile zile kwa wote wawili. Mnyama anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa kupita kawaida, anakula sana na bado mbavu zinaonekana. Mbwa aliyezoea kubisha mlango ili atoke anaanza kukojoa sebuleni usiku. Wazee wetu waliutambua mkojo wenye sukari kwa sisimizi wanaoukusanyikia, na hata leo kuna nyumba ambako dalili ya kwanza huwa ni hao sisimizi. Haitoshi kuwa kipimo. Inatosha kuwa sababu ya kwenda kwa daktari kesho asubuhi.

Kabla ya kufika kwenye sindano yenyewe, kuna deni la kutajwa. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake. Mbwa yule akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ulipopimwa ukakutwa na sukari. Hapo ndipo dunia ilipojua kisukari kinatoka kwenye kiungo gani. Miaka 32 baadaye, katika kiangazi cha 1921, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod, Chuo Kikuu cha Toronto. Walikamua dawa kutoka katika kongosho za mbwa wengine, na tarehe 30 Julai wakamchoma mbwa aliyetolewa kongosho. Sukari yake ikashuka. Mbwa namba 33, aliyeitwa Marjorie, aliishi karibu siku 70 kwa sindano hizo, ilhali mbwa wa hali yake kwa kawaida walikufa mapema mno.

Mwishoni mwa mwaka huo mkemia James Collip alijiunga nao na kuisafisha dawa ile. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda na kubaki mifupa katika Hospitali Kuu ya Toronto, alichomwa kwa mara ya kwanza. Dawa ya siku hiyo ilikuwa bado chafu, ikasaidia kidogo tu. Tarehe 23 akachomwa ile ya Collip, na sukari ikashuka kweli. Aliishi mpaka 1935. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting akamgawia Best nusu ya fedha zake, Macleod akamgawia Collip. Mbwa wa Toronto hawakuulizwa kama wanakubali, na wengi wao walikufa mezani. Kila anayemchoma mbwa wake insulini jioni ya leo anamrudishia mbwa dawa iliyopatikana kwa damu ya mbwa.

Uhusiano wa insulini na wanyama haukuishia hapo. Frederick Sanger, mkemia wa Cambridge aliyepata Nobel ya 1958, alikuwa mtu wa kwanza kusoma mpangilio wote wa insulini, kiungo baada ya kiungo. Kwa njia hiyo ilikuja kujulikana kwamba insulini ya mbwa na ya nguruwe ni sawasawa kabisa, na kwamba ya paka inatofautiana na ya ng'ombe mahali pamoja tu. Ndiyo maana dawa mojawapo ya mbwa inayotumika sana, inayouzwa Ulaya kwa jina la Caninsulin na Marekani kwa jina la Vetsulin, inatengenezwa kwa kongosho za nguruwe.

Familia ya Kiislamu, iwe Mombasa, Zanzibar au Muscat, ina haki ya kuambiwa hilo mapema, kabla kichupa hakijaingia kwenye jokofu lao. Wapo watakaoona kwamba dharura imewaruhusu, wapo watakaosita, na hilo ni la kuzungumza na shehe wanayemwamini. Kwa upande wa tiba, njia nyingine ipo. ProZinc, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa paka na 2019 kwa mbwa, ni insulini ya namna ya binadamu isiyotoka kwa mnyama yeyote. Glajini, ile ambayo wagonjwa wengi wa binadamu wanaijua kwa jina la Lantus, nayo haitoki kwa mnyama, na madaktari wengi huitumia kwa paka. Daktari asiyeulizwa huenda asilitaje jambo hili, basi aulizwe.

Sasa tuje kwenye kichupa na bomba, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 ndani ya kila mililita moja. Insulini za binadamu zilizoko madukani kwa kawaida zina yuniti 100 kwa mililita. Kila moja ina bomba lake, na kwa kawaida bomba la 40 huwa na kifuniko chekundu na la 100 huwa na kifuniko cha rangi ya machungwa. Ukiyatazama haraka yanafanana. Mtu akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka alama ya 4, hakuvuta yuniti 4, amevuta 10. Paka anayetakiwa kupata yuniti 4 akipewa 10, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kinyume chake, insulini ya 40 ikivutwa kwa bomba la 100 mpaka alama ya 4, mnyama amepata yuniti 1.6 tu, na mwenyewe atakaa wiki nzima akishangaa kwa nini dawa haifanyi kazi.

Dawa na bomba vinunuliwe pamoja, vikaguliwe pamoja, na duka likiishiwa na bomba sahihi mtu asikubali "hili nalo linafaa". Kati ya yote yatakayosemwa katika mazungumzo haya, msikilizaji akibaki na hili moja, limetosha kuokoa mnyama.

Kichupa hukaa kwenye jokofu, mbali na sehemu ya kugandishia. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kabla ya kuvutwa huchanganywa, na hapa pia kila dawa ina njia yake. Vetsulin hutikiswa vizuri mpaka iwe nyeupe kama maziwa, bila mashapo chini. ProZinc huviringishwa taratibu kati ya viganja, haitikiswi. Mtu aliyefundishwa kuviringisha na baadaye akabadilishiwa dawa anatakiwa afundishwe upya. Vetsulin ikishatobolewa mara ya kwanza hutumika kwa siku 42, ProZinc kwa siku 60, hata kama dawa bado imebaki. Inauma kutupa dawa ya bei kubwa, lakini insulini iliyopoteza nguvu ina gharama yake kubwa zaidi.

Mnyama ale kwanza. Utaratibu huo una maana yake, kwa sababu insulini huingiza sukari ya damu ndani ya chembe za mwili, na pasipo chakula itaendelea kufanya kazi yake mpaka damu ikose sukari. Akishakula, mtu anapiga magoti ubavuni mwake, anamsemesha, anashika ngozi iliyolegea upande wa mbavu au karibu na kiuno na kuiinua ikawa kama hema dogo. Sindano inaingia chini ya hema hilo, pale ngozi ilipoachana na nyama, haiingii kwenye msuli. Dawa inasukumwa mpaka mwisho, sindano inatoka, mkono unapapasa mahali hapo. Ni sekunde chache. Sindano za insulini ni nyembamba sana, na mbwa wengi waliozoea hawageuzi hata shingo, hasa wakijua baada yake wanakwenda kutembea. Kesho ichomwe upande mwingine, kwa kuwa sehemu moja ikichomwa kila siku ngozi yake hukakamaa na dawa haifyonzwi sawasawa.

Paka mwenye manyoya marefu huwasumbua wanaoanza. Sindano inaweza kutobolea upande wa pili wa ngozi na dawa ikaishia kwenye manyoya. Mtu anahisi unyevu kwenye vidole, ananusa harufu ya dawa, na hajui imeingia kiasi gani. Swali linalofuata huwa ni lile lile: arudie? Jibu ni hapana, hata kidogo. Akose dozi hiyo, asubiri zamu ijayo baada ya saa 12. Mnyama aliyekosa insulini jioni moja atakunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha. Mnyama aliyepewa mara mbili anaweza kukutwa asubuhi amekufa.

Hofu ya wengi iko kwa sukari kupanda. Madaktari wanaohangaika na ugonjwa huu wanaogopa zaidi sukari kushuka. Mnyama ambaye sukari imeshuka hulegea, huyumba akitembea, hutetemeka, hutazama ukutani kama haoni, wakati mwingine huwa na njaa ya ghafla, na mwisho hushikwa na degedege. Tiba ya kwanza iko jikoni: asali, shira ya sukari, au glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji kidogo, ipakwe kwenye fizi. Isimiminwe kooni kwa mnyama asiyejitambua, itaingia kwenye mapafu. Wala vidole visiingizwe katikati ya meno ya mbwa mwenye degedege, maana hatajua anamuuma nani. Akizinduka apewe chakula, kisha aende kwa daktari, hata kama amerudi kuwa mchangamfu, kwa sababu insulini ile bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena.

Na kuna onyo linalowahusu mbwa peke yao. Kiongeza utamu kinachoitwa zailitoli, kinachotiwa kwenye ubani wa kutafuna na vyakula vingine vinavyoandikwa kwamba havina sukari, humfanya mbwa amwage insulini nyingi kwa ghafla na kinaweza kumuua. Mtu mwema anaweza kumnunulia mbwa wake mgonjwa biskuti za wagonjwa wa kisukari akidhani anamtendea hisani. Asome maandishi kwanza.

Mnyama akikataa kula, au akitapika baada ya kula, dozi ya kawaida haichomwi mpaka daktari aseme. Simu moja inatosha. Wengine huambiwa wachome nusu, wengine waache kabisa, kulingana na aina ya dawa na hali ya mnyama. Lisilofaa ni mtu kukisia peke yake saa moja asubuhi akiwa amechelewa kazini. Ikiwa siku ya pili bado hataki kula, au anatapika na amenyong'onyea, huenda damu imeanza kujaa asidi ya ketoni, inayotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, na hapo hakuna kungoja.

Kupima sukari nyumbani kumebadilisha sana tiba hii. Paka akipelekwa kliniki, akafungwa kwenye kikapu, akasikia mbwa wakibweka chumba cha pili, sukari yake hupanda kwa woga tu. Kipimo cha pale kinaweza kumdanganya daktari akaongeza dawa isiyohitajika. Nyumbani, juu ya kochi lake, paka huyo huyo huchomwa kidogo kwenye ukingo wa sikio, tone dogo la damu likatosha. Vipo vipima sukari vilivyorekebishwa kwa damu ya mbwa na paka, kama AlphaTRAK. Kipima cha binadamu kinaweza kutoa namba tofauti, na kwa mbwa mara nyingi huonyesha chini ya ukweli, hivyo daktari ajue ni kipi kinachotumika. Wanyama wengine sasa wanabandikiwa ngozini kihisi kile kile kinachotumiwa na binadamu, FreeStyle Libre, kikasoma sukari mchana na usiku kwa siku kadhaa.

Namba hizo si za kumfanya mwenye mnyama abadilishe dozi kila siku. Insulini huchukua siku kadhaa kuonyesha sura yake, na mtu anayeongeza leo na kupunguza kesho hujikuta anakimbizana na kivuli cha dawa aliyoitoa jana. Daftari ni rafiki mzuri: saa, chakula alichokula, yuniti, maji aliyokunywa, uzito wa kila wiki. Daktari mwenye daftari hilo mbele yake huona mambo ambayo kipimo cha asubuhi moja hakiwezi kumwambia.

Kwa mbwa, hata tiba ikienda vizuri, macho ni jambo la kujiandaa nalo. Wengi wao hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka wa kwanza au karibu na hapo, kwa sababu sukari ya ziada hugeuka ndani ya lenzi na kuvuta maji mpaka lenzi ikawa nyeupe. Upasuaji upo mahali penye wataalamu. Pasipo na upasuaji, mbwa kipofu aliyeachiwa viti na meza mahali pake pa siku zote huijua nyumba kwa pua na masikio, akaendelea kula na kucheza.

Paka yeye haharibikiwi sana macho. Huishiwa nguvu miguu ya nyuma, akatembea kwa kukanyaga visigino badala ya vidole, na tiba ikishika miguu hiyo hupata nafuu polepole. Paka ana bahati nyingine ambayo mbwa hana. Akitibiwa mapema, akapungua unene, akalishwa chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo, kongosho lake linaweza kupata nafasi ya kupumua, na sindano zikaachwa kwa miezi au hata miaka. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Paka wa nyumba nyingi za pwani na bara anayeshiba ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa anakula wanga ambao mwili wake haukuutegemea. Hata hivyo chakula kisibadilishwe ghafla kwa paka aliye tayari kwenye insulini, kwa sababu mahitaji yake ya dawa yanaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi ya jana ikawa nyingi mno leo.

Marekani kumekuja pia dawa za mdomo kwa paka: kidonge cha Bexacat kilichoidhinishwa Desemba 2022, na dawa ya maji Senvelgo iliyofuata Agosti 2023. Zote mbili hufanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Zinaleta nafuu kubwa kwa nyumba isiyoweza sindano, lakini hazimfai paka ambaye ameshawahi kutumia insulini, na zinaweza kumletea asidi ya ketoni hata pale kipima kinapoonyesha sukari ya kawaida. Kwa mbwa hakuna kidonge cha kuchukua nafasi ya sindano.

Kwetu Afrika Mashariki kuna swali ambalo wengi hulificha moyoni, na ni bora lisemwe hadharani. Insulini kwa paka, ilhali kuna mtoto kijijini anayeikosa? Ni swali la haki. Wagunduzi wa Toronto waliuza hati ya ugunduzi wao kwa chuo kwa dola moja kila mmoja ili dawa imfikie kila mgonjwa, na baada ya miaka 100 bado haijamfikia kila mgonjwa. Pale ambapo kichupa cha mwisho dukani ni cha binadamu, mtoto aje kwanza, na hakuna mpenda wanyama mwenye akili timamu atakayebisha. Lakini mara nyingi paka aliyenyimwa dawa katika mitaa ya wenye nafasi kama Oysterbay au Lavington hamwongezei mtoto huyo chochote. Kinachomkosesha mtoto ni bei, usambazaji na jokofu la zahanati, na hayo yanadai hasira yetu yote bila kumgeuzia paka mgongo.

Madaktari wanaoweza kusimamia tiba hii wapo. Wanafundishwa Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Makerere, na miji mikubwa ina kliniki za mbwa na paka. Kinachosumbua ni dawa. Insulini ya wanyama haipatikani kila mji, daktari akalazimika kuandika ya binadamu, na hapo lile jambo la yuniti 40 na 100 linarudi kwa nguvu zake zote. Umeme nao hukatika. Jokofu lililofungwa bila kufunguliwa-funguliwa hubaki baridi kwa saa kadhaa, na umeme ukichelewa zaidi ya hapo, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kumwagiwa maji umesaidia wagonjwa wa binadamu sehemu zenye joto. Ni hifadhi ya dharura tu, na dawa iliyopitia joto kali ielezwe kwa daktari kabla ya kutumika tena.

Watafiti wa London walipowauliza wenye wanyama ni nini kinachowalemea zaidi, miongoni mwa yaliyojitokeza juu ni wasiwasi kuhusu mnyama, gharama, na ugumu wa kumpata wa kumwachia mnyama wanaposafiri. Jibu hilo la mwisho linaeleweka na yeyote aliyewahi kuitwa msibani ghafla. Jirani atakubali kumlisha mbwa, lakini akionyeshwa sindano ataanza kurudi nyuma. Wapo Waswahili wanaofanya kazi za nyumbani Muscat, London au Minneapolis ambao wanaweza kukabidhiwa paka pamoja na funguo, kichupa na bomba, wakaambiwa kwa haraka mlangoni: ni rahisi tu.

Ni rahisi kwa aliyefundishwa. Mlezi apewe karatasi yenye jina la dawa, aina ya bomba, yuniti kwa tarakimu na kwa maneno, saa za kulisha na kuchoma, namba ya daktari, na mahali asali ilipo. Aonyeshwe chupa ngumu ya plastiki ya kutupia sindano zilizotumika, ili zisiishie kwenye mfuko wa taka na kumchoma mzoa taka. Ajizoeze kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali na chungwa mpaka mkono uache kutetemeka. Kisha, siku kadhaa kabla ya safari, achome yeye mwenyewe sindano ya asubuhi na ya jioni, mwenye mnyama akiwa amesimama pembeni bila kumsaidia, akifungua mdomo pale tu anapoona kosa.